Udongo wa Mfinyanzi, Udongo wa Mkulima

Mkulima anayetaka kuijua hali ya shamba lake anaweza kuanza bila maabara. Achukue glasi mbili za maji safi na mabonge mawili ya udongo mkavu, kila moja likilingana na ndimu ndogo. La kwanza alitoe katikati ya shamba, panapolimwa kila mwaka. La pili alitoe ukingoni, chini ya ua wa minyaa, mahali ambapo jembe halijafika miaka mingi na majani yamekuwa yakianguka na kuoza yenyewe. Ayatumbukize pamoja, kisha akae atazame.

Bonge la shambani huanza kwa kutoa mapovu. Vipovu vidogo hupanda mfululizo, pembe moja inameguka, halafu nyingine, na bonge zima linaporomoka kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai. Dakika chache tu, na kilichobaki ni rundo la tope chini ya glasi. Bonge la ukingoni nalo hutoa vipovu, lakini linakaa. Saa nzima ikipita limelowa mpaka moyoni na bado lina umbo lake, tena maji yanayolizunguka ni maangavu.

Udongo wa mabonge hayo ni mmoja. Umetokana na mwamba mmoja, umenyeshewa mvua moja, na ukichekechwa ili kupima kiasi cha mchanga, vumbi laini na chembe za mfinyanzi, majibu yanaweza kufanana kabisa. Yalichopishana ni namna chembe hizo zilivyoshikana. Shuleni mtoto hufundishwa kwamba kuna udongo wa kichanga, wa tifutifu na wa mfinyanzi, na somo huishia hapo. Ni hasara kubwa, kwa sababu hiyo ni habari ya matofali tu. Habari ya nyumba, yaani jinsi matofali yalivyopangwa, milango ilipo na vyumba vilivyo wazi, ndiyo inayoitwa muundo wa udongo, na humo ndimo mmea unamoishi.

Waswahili wana methali isemayo udongo uwahi ungali maji. Ni methali ya mfinyanzi, na kwa mfinyanzi ni kweli tupu. Anayefinyanga chungu huuchukua udongo uliolowa, akaukanda, akaukanyaga, akaupigapiga hadi kila tundu la hewa lizibe na kila kibonge kipotee, kwani tundu moja likibaki ndani, chungu kinaweza kupasuka motoni. Kazi yake yote ya mwanzo ni kuua muundo wa udongo. Mkulima akiifuata methali hiyo hiyo kwenye shamba la mahindi, akaingiza maksai au trekta siku moja baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa bado unanata kwenye kidole, naye atakuwa amefinyanga. Gurudumu linakanda, plau inasugua chini na kulainisha kama mkono wa mfinyanzi unavyolainisha ukuta wa chungu, na jua la wiki inayofuata linafanya kazi ya tanuru. Mwaka wa tatu au wa nne anapata tabaka gumu sentimita 15 au 20 chini ya ardhi. Mizizi hufika pale ikapinda na kutambaa kando kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Katika udongo wenye afya, karibu nusu ya ujazo wake si udongo. Ni nafasi. Nafasi kubwa, zile zinazopitisha nyungunyungu na mizizi, huachia maji yashuke upesi na hewa iingie nyuma yake. Nafasi ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, hubaki na maji na kuikopesha mizizi polepole wakati mvua imekatika. Shamba linahitaji aina zote mbili, na aina hizo mbili hazipatikani pamoja isipokuwa pale chembe zimejikusanya kuwa vibonge: nafasi ndogo zikiwa ndani ya kibonge, kubwa zikiwa kati ya kibonge na kibonge.

Mfano mzuri uko Nairobi, na wajenzi wa jiji hilo wanaufahamu kwa uchungu wa mifuko yao. Upande wa magharibi, kuelekea Kabete, Kikuyu na Limuru, ardhi ni nyekundu na ina kina kirefu. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi na mto Athi, ni nyeusi. Udongo mwekundu wa Kabete una mfinyanzi mwingi ajabu. Mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni chembe za mfinyanzi. Mtu aliyesoma kitabu cha shule angetarajia kinamasi. Badala yake mvua kubwa hunyesha jioni, na asubuhi watu wanapalilia. Siri iko kwenye kutu. Oksidi za chuma, hizo hizo zinazoipa ardhi wekundu, zimezishika chembe za mfinyanzi kuwa vibonge vidogo vyenye pembe na nyuso zinazong'aa, vigumu kuvunjwa na maji. Kwa hiyo udongo wenye mfinyanzi mwingi unapitisha maji utadhani ni mchanga, na bado unatunza akiba ndani ya vibonge vyake.

Udongo mweusi wa Embakasi unaweza kuwa na mfinyanzi kiasi hicho hicho, ila mfinyanzi wake ni wa ukoo mwingine. Chembe zake ni mabamba membamba yanayofunguka kuruhusu maji yaingie katikati, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Gramu 1 ya mfinyanzi wa aina hiyo, ikihesabiwa nje na ndani ya mabamba yake, ina eneo la mita za mraba 700 hivi. Gramu 10 zingekaribia kufunika kiwanja cha mpira. Mvua ikinyesha udongo unavimba, unajifunga, na maji yanatuama juu. Kiangazi kikiingia unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono mpaka begani. Ndiyo maana mjenzi huuchimba wote akautupa kabla ya kuweka msingi. Watanzania wanauita udongo wa mbuga, na wafugaji wa Usukumani hawana haja ya kuelezwa tabia yake: ndiko magari hukwama Machi, na ndiko majani hubaki ya kijani mwezi wa Juni.

Lakini udongo wa mbuga haujanyimwa kila kitu, na haki itendeke kwake. Ardhi ya juu ikikauka hujivunja yenyewe kuwa punje laini, punje zikadondokea ndani ya nyufa, na mvua ya kwanza ikaja ikazifunika. Miaka nenda miaka rudi, ardhi inajipindua. Na lile eneo kubwa la mabamba yake linashika kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kwa wingi ambao udongo mwekundu hauna. Ni ghala lililojaa ambalo mlango wake hufunguka siku chache kwa mwaka, zile siku ambazo udongo si tope wala si jiwe. Mkulima wa mbuga anazijua siku hizo na anazivizia.

Hapa ndipo habari ya umbo inapogeuka kuwa habari ya kemia, na wengi wanaopima udongo kwa ajili ya mbolea husahau daraja hili. Oksijeni hupita ndani ya maji kwa mwendo ulio pungufu mara 10,000 hivi kuliko inavyopita hewani. Nafasi za udongo zikijaa maji na kukosa pa kuyamwaga, vijidudu vya ardhini humaliza oksijeni iliyokuwepo na kuanza kupumua vitu vingine. Huanza na naitreti, ile naitrojeni ambayo mkulima amenunua dukani kwa gunia, wakaigeuza kuwa gesi inayopaa. Kisha huhamia kwenye kutu, wekundu wa udongo ukafifia kuwa kijivu chenye rangi ya samawati, na harufu ya kinamasi ikapanda. Mahindi yanageuka njano, mkulima anasema mbolea ilikuwa feki. Huenda ilikuwa mbolea halali kabisa, na kilichoharibika ni nyumba iliyoipokea.

Fosfeti nayo ina kisa chake. Kwenye udongo mwekundu, ile ile kutu inayojenga vibonge vizuri huikamata fosfeti na kuishika kwa nguvu, kiasi kwamba mbolea ikitapanywa shamba zima sehemu kubwa haiufikii mmea msimu ule. Mkulima anayeiweka ndani ya shimo la mbegu, badala ya kuimwaga kote, anapunguza nyuso zitakazoigusa. Na mizizi haiwezi kwenda kuitafuta fosfeti ndani ya kibonge kilichobanana, kwa kuwa fosfeti yenyewe haitembei. Mzizi ndio unaoifuata, ama nyuzi za kuvu wanaoishi na mzizi huo. Ardhi iliyoshindiliwa ni ardhi yenye njaa, hata kama karatasi ya maabara inasema chakula kimo.

Kemia nayo hulipa kisasi kwa umbo. Mabamba ya mfinyanzi yana chaji hasi, hivyo husukumana. Kalsiamu, yenye chaji mbili chanya, husimama katikati na kuyashikanisha kama mshenga kati ya koo mbili. Sodiamu ina chaji moja tu na imejivika maji mengi. Inapochukua nafasi ya kalsiamu, mabamba huachana, yakaelea, yakaziba kila tundu. Glasi ya maji huonyesha jambo hili waziwazi: bonge lenye sodiamu nyingi halimomonyoki tu, linajizungushia majini ukungu mweupe usiotulia hata kesho yake. Wasukuma wana jina la udongo wa namna hiyo, mgumu usiopitisha maji: ibambasi. Dawa yake inayojulikana ni jasi, iliyojaa kalsiamu, nayo inachimbwa Makanya, wilayani Same, ingawa nyingi yake huishia kwenye viwanda vya saruji.

Hata hivyo Wasukuma hawakungoja jasi. Ardhi isiyopitisha maji waliizungushia matuta wakapata majaruba, wakapanda mpunga. Mpunga una mirija ya kushusha hewa toka majani mpaka mizizi, kwa hiyo kisichofaa kwa mtama kinaufaa wenyewe. Mkulima wa mpunga kwa kweli ni ndugu wa mfinyanzi: anavuruga tope makusudi, anaziba matundu makusudi, na anaiwahi ardhi ingali maji.

Wagogo wa Kongwa nao waliijua ardhi yao, na mwaka 1947 walifikiwa na watu ambao hawakuijua.

Mpango wa karanga wa Waingereza umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha kiburi, na ni kweli. Unastahili pia kusimuliwa kama kisa cha bonge la udongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa wazo, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ukazunguka kwa wiki chache na kurudi na matumaini. Ekari milioni 3 na ushei zilipangwa kulimwa, sehemu kubwa Tanganyika. Yakaletwa matrekta yaliyosalia vitani, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka. Kufikia mwisho wa mwaka 1947 lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizokuwa tayari hazikufika 10,000.

Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi ya ajabu, na hilo lilijulikana upesi. Udongo uliwasubiri baadaye. Ulikuwa mchanganyiko wa mfinyanzi na punje kali za mchanga, na punje hizo zilikula chuma cha majembe ya mashine kama msasa. Tena ulikuwa udongo usio na vibonge imara. Maadamu vichaka vilisimama, majani na mizizi viliushikilia. Mashine zilipoufunua, matone ya mvua yaliupiga moja kwa moja, na tone kubwa la mvua hutua kwa mwendo wa mita 9 kwa sekunde. Vibonge vikasambaratika, chembe ndogo zikajaza nafasi kati ya chembe kubwa, na jua lilipotoka ardhi yote ikagandamana kuwa kitu kimoja kigumu kama tofali.

Wala hakuna zao linaloumia na ardhi ngumu kama karanga. Karanga huchanua juu. Ua likishachavushwa, shingo yake hurefuka, inainama, na ncha yake nyembamba kama sindano hutoboa ardhi. Humo gizani ndimo ganda linapovimba na punje kukua. Ardhi yenye utando mgumu huizuia sindano hiyo, nayo hukauka ikiwa nje. Iliyofanikiwa kuingia ina hitaji la pili: ganda changa la karanga halipati kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye mizizi, hulazimika kuinyonya lenyewe moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaoligusa, na udongo usiporuhusu maji kuzunguka, kalsiamu haifiki, na ganda linakuwa tupu. Kisha unafika wakati wa kuvuna. Mkulima mwenye jembe katika ardhi tifutifu hung'oa shina akalipukuta, karanga zikaning'inia. Kongwa ardhi ilizishika karanga kama saruji. Mmea mmoja uliidai ardhi laini mara mbili, kuingia na kutoka, na ardhi ile haikuwa na ulaini hata wa mara moja. Januari 1951 mpango ulifutwa rasmi, ukiwa umeteketeza pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile ikaja kuwa ranchi ya ng'ombe, yaani ikarudishiwa majani.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba maarifa yalikuwepo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 akichimba mashimo na kuandika alichokiona. Yeye ndiye aliyewaambia wanasayansi wa dunia kwamba udongo wa Afrika Mashariki hauendi kwa madoa ya kubahatisha. Unafuatana kama pingili za mnyororo, mwekundu kilimani, wa kichanga mteremkoni, mweusi bondeni, na mnyororo huo hujirudia kilima baada ya kilima. Wasukuma walikuwa na majina ya pingili hizo kabla yake. Milne alifariki 1942. Taarifa ya safari yake ilichapishwa 1947, mwaka ule ule ambao plau ziliingia Kongwa.

Mbali na Kongwa, katika milima ya Mbinga mkoani Ruvuma, Wamatengo walikuwa wakilima miteremko ambayo mtu wa tambarare angeogopa hata kuipanda kwa mikono mitupu. Kilimo chao kinaitwa ngoro. Mvua za masika zinapoelekea ukingoni, wanaume hufyeka majani marefu na kuyaacha yanyauke. Kisha huyapanga ardhini kwa mistari inayopishana, mingine ikienda na mteremko, mingine ikiukata, mpaka kilima kizima kinaonekana kama wavu. Kutoka hapo kazi kubwa ni ya wanawake. Kila mmoja husimama ndani ya tundu moja la wavu, akachimba udongo wa katikati na kuutupia juu ya majani yaliyomzunguka pande nne. Akimaliza, alipokuwa amesimama pamekuwa shimo, na majani yamezikwa ndani ya matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na msimu unaofuata mahindi.

Mtazamaji wa mbali huona mashimo na kufikiri kwamba ujanja uko kwenye kuzuia maji yasikimbie. Uko pale, ndiyo: maji hutua shimoni, huacha tope lake, kisha huzama taratibu. Ila sehemu ya ndani ya ujanja iko kwenye tuta. Majani yaliyozikwa huoza, na katika kuoza hulisha kuvu na bakteria, ambao hutoa ute unaogundisha chembe. Nyuzi za kuvu hujisokota kuzunguka vibonge kama uzi kwenye mpira wa makaratasi unaochezwa na watoto. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Australia, Tisdall na Oades, walieleza kwamba vibonge vidogo sana hushikwa na gundi ya kale isiyotoka upesi, ilhali vikubwa hushikwa na mizizi na nyuzi za kuvu, ambazo hukatwa na kulima na hufa zisipolishwa. Kwa hiyo muundo wa udongo si mali ya kurithi mara moja. Ni kama moto wa jikoni: unataka kuni. Katika jaribio la muda mrefu lililoanzishwa Kabete mwaka 1976, ardhi ile nyekundu yenye sifa zote imekuwa ikipoteza mboji yake mwaka hadi mwaka, na iliyopoteza kidogo zaidi ni ile iliyopewa samadi, mbolea na mabua kwa pamoja. Wakulima wengi leo huyachoma mabua, ama huyauza kwa wafugaji, ama hawana mabua ya kutosha hata kwa ng'ombe wao. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini kila bua linaloondoka limeondoka na chakula cha wale waliokuwa wakiishikilia ardhi.

Ngoro haikai vilevile. Msimu wa kuitengeneza upya ukifika, majani hufyekwa tena na wavu mpya hutandazwa, na hapo matuta na mashimo hubadilishana zamu. Pale matuta yalipokutana sasa panachimbwa shimo. Pale palipokuwa na shimo, penye tope jeusi lililokusanyika msimu mzima, majani na magugu yaliyotupwa humo yakaoza, sasa panapita tuta jipya. Mwanamke anayeshusha jembe lake kwenye tuta la zamani hukuta udongo unaoachia kwa urahisi, unaovunjika mkononi kuwa punje punje, na nyungunyungu wanaojikunja kukimbia mwanga.